Macho ya Kufumba

Hakuna neno rahisi kulitamka kuliko "utazoea". Hutamkwa na mwenye viatu kumwambia aliye peku, na mwenye shibe kumwambia aliyelala na njaa, na kila anayelitamka huondoka ameridhika kwamba ametoa msaada. Maumivu ya mwenzako hayana uzito mkononi mwako. Ndiyo maana wahenga, ambao hawakuona haya kuchanganya hekima na wadudu, walituachia methali ya kitanda na kunguni wake. Hadithi hii ni ya mwanamke muoka mikate na mwanawe wa pekee, ambaye alimpenda mama yake kwa dhati, na mapenzi hayo hayakumzuia kumwangamiza.

Mtaa mzima ulimwita Mama Mikate. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye vyeti, na hata akiitwa kwa jina hilo alichelewa kuitika. Macho yalianza kumwacha mkono akiwa bado mwanamke kijana. Kwanza alipotewa na rangi, kisha sura za watu, na mwisho mwanga wenyewe ukazimika, mtoto wake akiwa hajaanza shule. Mumewe hakukaa auone mwisho wa jambo hilo. Alifunga virago akasema anakwenda kutafuta kazi, na kazi hiyo anaitafuta mpaka leo. Watu wakatabiri kwamba mama na mtoto wangeishia kuombaomba milangoni pa maduka.

Mama Mikate alipiga moyo konde. Alinunua oveni iliyokwisha kutumika, kuukuu lakini nzima, akachukua chupa ya rangi ya kucha akadondosha matone kwenye swichi zake za kuzungusha: tone moja kwa moto mdogo, mawili kwa moto wa kiasi, matatu kwa moto mkali. Alikuwa akisema kwa utani kwamba urembo wake wote uliishia kwenye oveni. Matone yalipokauka yalikuwa vipele vigumu ambavyo kidole hakikuweza kuvikosa, na kuanzia hapo hakumwomba mtu amsomee kitu chochote jikoni mwake. Alikanda unga, akakibonyeza kinyunga kwa ncha ya kidole ajue kama kimeumuka vya kutosha, na mkate ulipotoka motoni aliugonga kitako kama mtu anayebisha hodi. Ukiitika kwa sauti ya uwazi, kama mtungi mtupu, umeiva. Maduka ya mtaani, mkahawa wa barabara kuu na walimu wa shule ya jirani, wote walikula mkate wake. Mkate huo ndio uliomsomesha mwanawe mpaka chuo kikuu.

Mwana huyo alisomea kompyuta, akaajiriwa na kampuni inayotengeneza programu za kuunganisha vyombo vya nyumbani. Kazi yao ilikuwa kuzifanya taa, kufuli, redio, pampu ya maji na oveni ziongee kwa mtandao, mwenye nyumba aziamrishe zote kwa simu yake. Mama yake alimwita Injinia, nusu kwa fahari, nusu kwa kumchokoza, kwa sababu tangu utotoni alikuwa akifungua redio ya nyumbani na kuirudisha ikiwa na skrubu za ziada. Alikuwa mwana mwema. Hakupitisha wiki bila kuja kumjulia hali mama yake, na kila alipomkuta akipapasa ukuta kutafuta komeo la mlango, roho ilimuuma. Hakujua kwamba yule mama hakuwa akipapasa kwa shida. Ndivyo alivyokuwa akitazama.

Siku moja Injinia alikuja na gari lililojaa maboksi. Alibadilisha taa, akabadilisha kufuli, akaweka oveni mpya yenye uso laini kama sahani, isiyo na swichi hata moja. Mama alipitisha kiganja juu ya kile kioo akauliza vipele viko wapi. Injinia akacheka, akamwonyesha kwamba simu yake yenye sauti, ile ambayo humsomea maandishi yaliyo kwenye skrini kila anapopitisha kidole, sasa ingeongoza nyumba nzima. Kwenye programu vyombo vyote viliandikwa majina, jina chini ya jina. Mama alipitisha kidole, simu ikamwambia, "Oveni." Akashuka kidogo, ikamwambia, "Mlango wa mbele." Akagonga mara mbili, na mlango ukajifungua.

Siwezi kusema uongo: alifurahi. Programu ile ya mwanzo ilimfaa, na kwa muda wa miezi kadhaa alijigamba kwa majirani kwamba yeye ndiye mwanamke pekee mtaani ambaye oveni yake humwitikia kama mtoto aliyelelewa vizuri. Ndiyo maana hakubisha mwanawe alipoiuza ile oveni kuukuu kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Alisimama mlangoni akasikia inavyopakiwa, akasema tu wasiiburute, kana kwamba ilikuwa mgonjwa.

Basi kampuni ikaamua kutoa toleo jipya. Vijana wa masoko walisema majina yaliyopangwa juu na chini yanachosha macho. Walitaka kitu cha kupendeza, na kazi hiyo ikampata Injinia. Alichora ramani ya nyumba ambayo kila chombo ndani yake ni duara dogo la rangi, maduara yakiunganishwa kwa nyuzi za mwanga, na ramani yenyewe ikijipanga upya kila chombo kinapowashwa au kuzimwa. Ilikuwa kazi nzuri, hilo hata adui yake angelikubali. Wenzake waliizunguka kompyuta yake wakipiga miluzi, na ikasemwa wazi kwamba ramani ikipokewa vizuri, yeye ndiye atakayekiongoza kitengo baadaye. Alivimba kichwa, kama ambavyo mtu yeyote angevimba.

Kabla ya kulitoa toleo hilo, walitaka kulijaribu kwa watu wa aina mbalimbali. Injinia mwenyewe ndiye aliyependekeza mama yake. Nadhani alitaka amwone mwanawe akisifiwa, ingawa neno kuona hapa halina mahali pa kukaa.

Mama Mikate alivaa nguo yake ya kutokea, akabeba mkate uliofungwa kwa kitambaa, akaketishwa kwenye chumba cha mkutano chenye baridi ya kiyoyozi na viti vinavyoserereka. Mkuu wa kitengo, mwanamke mwenye sauti ya upole, alimkaribisha kwa heshima zote na kumshika mkono kwa mikono miwili. Wakampa simu. Mama akapitisha kidole, simu ikasema, "Picha." Akasogeza kidole, ikasema, "Picha." Akazunguka skrini nzima toka pembe hadi pembe, na kila alipogusa ilikuwa picha, picha, picha. Sauti ya simu husoma maandishi tu, na kwenye ramani ile nzuri hakuna aliyekumbuka kuandika neno.

Mama akauliza, bila kupandisha sauti, oveni ni picha ipi kati ya hizo. Mmoja akamjibu ni ile ya rangi ya chungwa. Alipogundua alichokisema alikohoa, na mwenzake akaitazama meza.

Mama akawaeleza kwa utaratibu. Alisema hawachukii, na kazi yao anaiheshimu, lakini mtu asiyeona akipewa kitu hiki amefungiwa nje ya nyumba yake akiwa ndani. Aliomba wayarudishe majina. Mkuu wa kitengo akamwambia kwamba maoni yake wanayathamini mno, ila siku ya kutoa programu imekwisha kutangazwa, na wanaotumia sauti si wengi. Jambo hilo wangeliangalia kwenye toleo lijalo. Mama akauliza toleo lijalo litakuja lini. Watu wakacheka kidogo, kicheko cha adabu.

Hapo ndipo Injinia alipofanya kosa ambalo ni mtu kama yeye tu angeweza kulifanya. Aliona kazi yake inataka kuharibika mbele ya wakubwa, na aliyeiharibu ni mama yake aliyemleta mwenyewe. Akasimama, akasema wampe nafasi aonyeshe kwamba ni suala la mazoezi tu. Akaichukua simu, akafumba macho. Akiwa amefumba macho vile aliiwasha taa ya chumba, akaizima, akafungua kufuli ya maonyesho iliyokuwa mezani, akaiwasha oveni ya majaribio iliyokuwa pembeni. Hakukosea hata mara moja. Angekosea vipi, na ramani ile aliichora mwenyewe, kila duara likiwa limelala kichwani mwake kabla ya kulala kwenye skrini? Alipofumbua macho chumba kizima kilimpigia makofi.

Mama Mikate aliyasikia makofi yale. Alingoja yaishe.

"Mwanangu," alisema, "wewe umefumba macho. Mimi sina cha kufumbua."

"Utazoea, mama," Injinia akajibu, akamgusa bega. "Umezoea mangapi magumu kuliko hili?"

Mkuu wa kitengo akasema maneno mazuri kuhusu ujasiri wa kina mama. Mkate ukakatwa, watu wakala, wakausifu. Mchana ule ule toleo likapitishwa kama lilivyo.

Njiani kurudi, mama alimwomba mwanawe jambo moja tu. Hakutaka kuwaingilia katika shughuli zao, ila yeye aachiwe programu ya zamani kwenye simu yake. Injinia, ambaye moyoni aliona haya kidogo na alitaka haya hiyo imwondokee upesi, akaahidi papo hapo kwamba simu ya mama haitaguswa. Hakuuliza mtu kazini kama ahadi hiyo inawezekana. Haikuwezekana. Toleo jipya lilikuwa linajiingiza lenyewe kwenye kila simu, na la zamani likifungwa moja kwa moja kwa ajili ya usalama wa mtandao.

Likaingia alfajiri moja, mama akiwa amekwisha kukanda. Kinyunga kilikuwa kimeumuka vizuri, mabati yamepakwa mafuta, akapitisha kidole kuiamuru oveni. Simu ikasema, "Picha." Mwanzo alidhani ameshika mahali sipo. Kisha akaelewa, akakaa juu ya kibao cha jikoni, mikono ikiwa imejaa unga. Kinyunga kiliendelea kuumuka mpaka kikapita kiasi, kikabonyea, kikachacha. Hakuna duka lililopata mkate siku hiyo.

Injinia alipopigiwa simu na jirani alishtuka kweli, akaomba radhi, akasema atalifuatilia kazini. Akalifuatilia. Wakamwambia aandike ombi, akaandika, na ombi likakaa kwenye foleni ya maombi mengine. Hakuweza kupiga kelele sana, maana kila alipofungua mdomo wenzake walimkumbusha kwamba ni yeye aliyewathibitishia kwa macho makavu kwamba jambo linawezekana. Mkuki ulikuwa umemrudia mrushaji.

Jirani mwenyewe alikuwa mshonaji, mama mtu mzima aliyeitwa Bi Sindano kwa kazi yake na kwa ulimi wake. Alikuja kila asubuhi kumwashia oveni na kila mkate ulipoiva kumzimia, huku akiitukana kampuni kwa matusi ambayo siyaandiki hapa. Lakini naye alikuwa na cherehani yake, wateja wake na mguu mbovu. Mara alichelewa, mara akasahau, na mikate ikatoka leo mibichi na kesho imekauka. Mama Mikate, aliyezoea kuwapa watu, sasa alikaa akisikiliza nyayo za mtu mwingine ili aanze kazi yake mwenyewe. Duka moja likaacha kuchukua mkate, kisha jingine. Walimu wakapata muuzaji mpya. Akabaki na mkahawa wa barabara kuu, na mwenye mkahawa naye akasema kwa upole kwamba atangoja mara moja tu zaidi.

Mara hiyo moja ikaangukia siku ambayo Bi Sindano alikuwa amekwenda kumpeleka dada yake hospitali. Kabla ya kuondoka alikuwa amemshika shoga yake kidole na kumfundisha mahali pa duara la oveni. Mama akalishika pale pale, akagonga mara mbili, na oveni ikaanza kuvuma. Moyo ulimtulia. Aliingiza mikate akasubiri, huku pua yake ikimhesabia muda kama ilivyofanya miaka yote. Harufu ilipokomaa akapeleka kidole mahali pale pale ili azime. Simu ikasema, "Picha." Akagonga mara mbili.

Lakini ramani ilikuwa imekwisha kujipanga upya. Oveni ilipowashwa maduara yalihama, kama Injinia alivyoyaagiza yahame, jambo ambalo Bi Sindano kwa haraka zake hakukumbuka kulitaja, na pale alipogonga mama palikuwa na amri ya kuongeza moto wa juu hadi mwisho. Mvumo haukubadilika. Mtu mwenye macho angeuona waya wa juu ukiwaka mwekundu kama kidonda kibichi. Mama alikunja kitambaa kinene mikononi kama kawaida yake, akafungua, akaingiza mikono yote miwili kulivuta bati. Kitambaa kikagusa waya, kikashika moto.

Hakuna haja ya kulisimulia hilo kwa urefu. Alikitupa kitambaa lakini vipande vyake vilikuwa vimekwisha kugandamana na ngozi. Mikate iliyobaki ndani ikaanza kuungua, moshi ukajaa, akakimbilia mlango. Komeo la zamani halikuwapo. Palikuwa na kioo laini kinachosubiri amri ya simu, na simu ilikuwa jikoni, na hata angelikuwa nayo ingelimwambia nini? Ufunguo wa dharura Injinia aliukalia mwenyewe, asije mama akaupoteza. Mama Mikate akaupiga mlango wa nyumba yake kwa viwiko, kwa kuwa mikono ilikuwa haiwezi kupiga tena, mpaka wapita njia wakavunja dirisha wakamtoa.

Injinia alimkuta hospitalini mikono yote ikiwa imefungwa bandeji hadi juu ya vifundo. Alilia kama mtoto. Katika kulia akauliza swali la kijinga, kama waulizavyo watu waliochanganyikiwa: kwa nini hakumpigia simu.

"Simu ilikuwapo, baba," mama alijibu. "Ilikuwa inasema picha."

Hakumlaumu zaidi ya hapo. Laiti angemlaumu, pengine kijana yule angepata mahali pa kushika.

Alipotoka hospitali alipelekwa nyumbani kwa mwanawe. Hakuulizwa, na hakuwa na la kujibu hata angeulizwa. Nyumba yake ikapangishwa kwa mume na mke vijana, ambao waliisifu sana ile oveni ya simu. Mkwe wake, mke wa Injinia, alikuwa mtu mwema, asiyejua kununa. Alimlisha, alimwogesha, alimchagulia nguo, na kila mama alipotaka kuinuka alimwambia, "Kaa tu mama, umefanya kazi za kutosha." Kiti chake kiliwekwa karibu na dirisha ili apate mwanga, jambo lililofikiriwa na watu wenye macho. Mlango wa nyumba ile nao ulifunguliwa kwa simu. Mwanzoni alikuwa akiuliza kama anaweza kutoka, baadaye akawa haulizi.

Bandeji zilipotolewa, mikono ilikuwa imepona kwa maana ya kidaktari. Ngozi mpya ilikuwa ngumu na ya kuteleza, haisikii kitu. Hakuweza kutofautisha kifungo na punje ya haragwe. Siku moja mkwe wake, akitaka kumchangamsha, alimwekea kinyunga mbele yake. Mama akakikanda kwa muda, akakibonyeza kwa ncha ya kidole, akasubiri. Akabonyeza kwa kidole kingine. Kisha akaomba maji anawe, na kuanzia siku hiyo neno mkate halikutoka kinywani mwake, hata mezani akitaka kipande. Alisema tu, "Nipe hicho." Watu wa dunia humhurumia kipofu kwa macho yake. Huyu macho aliyokuwa nayo yalikuwa kumi, kwenye ncha za vidole, na yote kumi yalikuwa yamekwisha kupofuka.

Injinia hakupata usingizi mzuri tangu hapo. Kazini aligeuka mtu wa neno moja, akidai majina yaandikwe, akiwakera wakubwa, akikosa ule uongozi aliouota. Hatimaye wakakubali. Hawakukubali kwa ajili ya mikono ya mtu. Kampuni nyingine ilikuwa imetangulia kufanya hivyo ikasifiwa magazetini, nao hawakutaka kuachwa nyuma. Kazi yenyewe Injinia aliimaliza kabla ya chakula cha mchana, na hilo ndilo lililomchoma kuliko yote, kwamba ilikuwa kazi ya asubuhi moja.

Alirudi nyumbani jua halijatua, akapiga magoti mbele ya kiti cha mama yake, akamwekea simu mapajani. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu sauti yake ilikuwa na uhai.

"Mama, majina yamerudi. Kila kitu kinasema. Jaribu."

Mama akainua kidole, akakipitisha juu ya kioo. Simu ilikaa kimya. Akapitisha tena, akabonyeza zaidi, na simu ikakaa kimya vile vile. Vioo vya simu hutambua ngozi ya mtu aliye hai, na ile ngozi ngumu ya vidole vyake kioo hakikuitambua. Akajaribu kidole baada ya kidole, mkono wa kulia, kisha wa kushoto, bila haraka, kama mtu anayetimiza ombi la mtoto ili asimvunje moyo.

"Bonyeza taratibu, mama," Injinia alisema. "Taratibu tu, utazo..."

Akaichukua simu, akapitisha kidole chake mwenyewe. Sauti ikasema, safi kabisa, bila kigugumizi, "Oveni."

Mama akaugeuza uso wake kule iliko sauti, akalisikiliza neno hilo mpaka likaisha chumbani.

"Ya nani?" akauliza.

Injinia alibaki pale magotini, simu mkononi. Alipofumba macho ili azuie machozi, alijua kwamba muda wowote akitaka atayafumbua, na chumba kitakuwapo, na dirisha, na mlango, na mama yake kwenye kiti. Kujua huko ndiko kulikomtenga naye, jana, leo na siku zote, na hapakuwa na programu ya kuondoa kujua huko. Hakika, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.